Paji la Uso la Hajja Ramla

Mliokuwa nasi tangu mwanzo mnamfahamu Ramla, mke wa Yuma aliyekuwa mfanyakazi wa reli, pale Kamalondo, mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo. Anayeingia leo naye asitaabike, nitamweleza kwa maneno machache.

Ramla ana miaka hamsini na mitatu. Paji lake la uso lilikuwa zito, limeshuka juu ya macho, na nyusi zimekaa chini kama za mtu aliyenuna. Hakuwa amenuna. Ndivyo alivyoumbwa, na umri ukaongeza. Siku ya arusi ya binti yake Feza, mtu alimpiga video, akaisambaza kwenye WhatsApp na maneno haya: "Mama wa bibi arusi amekuja kwenye kilio."

Kamalondo nzima ikacheka. Wakwe wa Feza hawakucheka. Walidhani Ramla anawadharau, na tangu siku ile hawakukanyaga tena nyumbani kwake.

Ndipo Ramla akasikia habari za daktari mmoja anayekuja Lubumbashi mara tatu kwa mwaka, anapasua paji la uso na kulivuta juu. Na wiki ile ile Yuma, ambaye goti lake halimruhusu tena kusafiri, akamwambia juu ya akiba yao ya pesa: "Ile makuta tuliweka ya kwenda Makka siye wawili, enda nayo weye. Utaniombea kule."

Wiki jana mliona alichofanya. Aliipokea ile pesa ya safari kwa mikono miwili, akaipeleka kliniki.

Mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya yote, na aliniomba nisimpunguzie.

Asubuhi ya safari wanawake wa mtaa walimsindikiza hadi kwenye basi la Kasumbalesa. Alikuwa amewaambia atavuka mpaka, apande ndege Ndola, upande wa Zambia. Walimwimbia mpaka sauti zikawakauka. Jana yake walikuwa wamempaka hina, mikono yote miwili.

Amida, dada mdogo wa Yuma, alijipenyeza hadi dirishani akamtia karatasi mkononi, akimwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Ramla, hii iko jina ya Mounira, na jina yangu miye mama yake. Ukifika mbele ya Kaaba, uisome. Usisahau."

Mounira ni binti wa Amida. Ana miaka tisa na ana kifafa. Hunywa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na hata hivyo siku nyingine ugonjwa humwangusha.

"Nitaisoma," Ramla akasema.

Basi likaondoka. Kwenye kituo cha kwanza nje ya mji Ramla alimwambia dereva kwamba amesahau pasipoti yake. Akashuka na begi lake. Ng'ambo ya barabara, Dorcelle alikuwa anamngoja ndani ya gari.

Huyu Dorcelle ni mwanamke wa kutoka mji wa Butembo, anauza mchele na sabuni kwa jumla, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili. Urafiki wao una miaka ishirini.

"Operesheni miye sina neno nayo," Dorcelle alisema bila kumtazama. "Uso iko yako. Lakini Makka? Ile bongo ya kudanganya bantu iko mukubwa, Ramla. Miye mukristu, na hata miye inanitetemesha."

"Endesha, Dorcelle. Nakuomba."

Dorcelle akaendesha.

Jina la kliniki sitalitaja. Haikumkosea Ramla kitu. Watu wa pale walifanya kazi yao sawasawa, na kila swali walilomuuliza lilikuwa swali la haki. Majibu ndiyo yaliyokuwa mabaya.

Muuguzi Albertine alimwosha nywele kwa sabuni ya dawa, akamkausha, akaketi na fomu mapajani.

"Mama, ulikula kitu tangu jana jioni?"

"Apana."

"Aspirini? Dawa ya majani ya kienyeji? Ile inafanya damu isisimame."

"Apana. Niliacha zote tangu wiki mbili."

"Muzuri. Sasa patia miye kidole, niweke hii ya kupima pumzi."

Ramla akatoa mkono. Albertine alizitazama kucha zile, nyeusi kwa hina.

"Aa, mama. Na hii rangi mashini haitasoma muzuri. Ulikuwa na arusi?"

Ramla alikitazama kidole chake mwenyewe.

"Ndiyo," akasema. "Arusi."

"Haina neno. Tutaiweka ku sikio." Kalamu ikarudi kwenye fomu. "Kukiwa na shida, tupigie nani simu? Bwana yako?"

"Apana. Andika Dorcelle."

Ramla ana miaka thelathini na moja ya ndoa. Kila karatasi aliyowahi kuandikisha, ya uzazi, ya shule, ya nyumba, ilikuwa na jina la Yuma. Hii ilikuwa ya kwanza kukosa jina lake.

Dokta Clément aliingia na kalamu ya wino wa zambarau. Alimketisha penye mwanga, akamwambia anyanyue nyusi, azishushe, afumbe macho. Kisha akachora.

"Nitapasua nyuma ya nywele, kutoka sikio hii mpaka sikio ile. Naondoa ngozi kidogo, navuta juu, nafunga na pini. Kovu haitaonekana. Nywele itaifunika."

"Na kitambala," Ramla akasema.

"Na kitambala, ndiyo. Sasa sikiliza muzuri, mama, sababu bantu banasahau hii. Ukitoka hapa utalala umekaa, mito tatu mugongoni. Usibebe kitu. Na usiiname. Kichwa isishuke chini mpaka wiki tatu."

"Hata kidogo?"

"Hata kufunga kiatu. Damu ikishuka ku paji, kazi yangu yote inaharibika."

Ramla aliitika kwa kichwa. Hakufikiria viatu. Alifikiria mkeka wake wa kuswalia, akaona aibu ikimpanda shingoni kama joto. Paji lile ndilo analoliweka chini mara tano kwa siku.

Angeweza kuinuka pale. Aliniambia hivyo mwenyewe: "Mulango ulikuwa wazi. Hakuna mutu alinifunga kamba."

Hakuinuka.

Alipozinduka kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji hadi nyusini, na mirija miwili midogo ilitoka nyuma ya masikio ikibeba damu. Alitapika mara mbili. Kesho yake Albertine aliitoa mirija, na Dorcelle akamchukua hadi kwake Bel-Air, akamweka chumba cha nyuma, akafunga pazia.

Toka Bel-Air hadi Kamalondo ni mwendo mfupi tu wa gari. Ramla alikuwa Makka ya Bel-Air.

Siku ya tatu uso ulivimba hadi macho yakaziba. Dorcelle alimlisha uji kwa kijiko. Barafu juu ya macho dakika kumi, pumzika, barafu tena. Ngozi ya kichwa ilikuwa imekufa ganzi, lakini chini ya ganzi kulikuwa na mwasho ambao ukucha haukuweza kuufikia.

"Niambie kweli," Ramla alisema. "Niko namna gani?"

"Kama mutu alipigwa na bantu kumi," Dorcelle akajibu. "Kula."

Simu ikalia. Dorcelle akasoma jina.

"Bwana yako."

"Usipokee."

"Amepiga mara tano tangu jana, Ramla. Atafikiri umekufa."

Ramla akaipokea.

"Mama Feza!" Sauti ya Yuma ilijaa furaha. "Ulifika? Ulifika muzuri? Mbona hauonyeshi sura?"

"Mutandao ya hoteli iko mubaya, baba Feza. Inashika sauti tu."

"Haina neno, haina neno. Uko wapi sasa hivi?"

Na papo hapo, barabarani chini ya dirisha, mwanamke akapita akinadi mkaa kwa sauti yote: "Makala! Makalaaa!"

Ramla akaifunika simu kwa kiganja, akachelewa.

"Ku Makka banauzisha makala?" Yuma akauliza.

"Ni... ni Bacongolais, bantu ba kwetu, ba hapa hoteli. Banacheza tu, banajikumbusha nyumbani."

Yuma akacheka mpaka akakohoa. Aliamini. Angemshuku hata kidogo, Ramla angepata pa kujishikilia. Lakini alicheka na akaamini, na pini zote zile kichwani hazikumuuma Ramla kama kicheko kile.

"Kaaba unaiona kutoka pale?"

"Niko naiona."

"Iko namna gani?"

Ramla alikuwa haoni hata ukuta wa Dorcelle.

"Mukubwa," akasema. "Iko mukubwa, baba Feza."

"Iambie juu ya goti yangu," Yuma akasema polepole, na simu ikakatika.

Siku ya tano Yuma aliomba picha ya Kaaba. Ramla akatafuta moja kwenye intaneti, akamtumia. Siku ya sita Feza akamwandikia mama yake kwamba baba ameipeleka picha kwa mpiga chapa, ameitia kwenye fremu, na anaionyesha kila anayepita.

Siku ya nane akapiga Amida. Huyu alikuwa analia.

"Yaya, Mounira ameanguka mara mbili leo. Niombee sasa hivi. Acha simu wazi, tusikie sauti yako."

"Sasa hivi, Amida?"

"Si uko pale? Sasa hivi, yaya!"

Ramla akakaa kitako juu ya kitanda cha Dorcelle, kichwa kimefungwa, macho yamefunguka kama nyufa. Aliomba. Aliomba kwa kweli, kwa maneno aliyoyajua tangu utoto na kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Na kila alipotua, ndani ya simu sauti ndogo ya Mounira ilisema, "Amina."

Simu ilipokwisha alishuka kitandani. Alitandika kanga sakafuni, akasimama, akataka kusujudu. Akakumbuka. Kichwa kisishuke. Akabaki amesimama vile vile, mikono magotini, hawezi kwenda chini.

Dorcelle alimkuta hivyo mlangoni. Alimrudisha kitandani na kumfunika.

Pini zilitolewa siku ya kumi na mbili. Albertine alizihesabu zikidondoka kwenye bakuli, thelathini na nne. Siku ya kumi na nane uvimbe ulikuwa umekwisha, na wekundu kidogo uliobaki pembeni mwa macho ulifunikwa na poda.

Ramla alijitazama kwenye kioo cha Dorcelle.

Paji lilikuwa limenyooka. Nyusi zimepanda, macho yamefunguka, na mwanamke wa kwenye kioo alionekana mpole, amepumzika, tayari kusikiliza. Ramla alitabasamu. Yule naye akatabasamu. Kwa dakika kadhaa alikuwa na furaha tupu, na hilo pia aliniomba nisilifiche.

Kisha Dorcelle akaleta vitu alivyomnunulia mjini kwa ajili ya kurudi: tende, mikeka ya kuswalia, tasbihi.

"Na Zamzam?" Ramla akauliza. "Bote batauliza maji ya Zamzam."

"Sema ilimwagika njiani."

"Hawatakubali. Kila mutu anarudi nayo."

"Basi hawatakubali. Ramla, nisikilize. Mpaka hapa nimekusaidia, na Mungu ataniuliza. Lakini maji, apana."

Ramla alichukua chupa sita, akaziosha, akatoka nazo uani. Kwa Dorcelle kuna bomba la forage, kisima kilichochimbwa kwa mashine. Alijaza chupa ya kwanza. Alipoinua macho, Dorcelle alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango.

Akajaza na tano zilizobaki.

Kamalondo walimpokea kwa ngoma. Umra si Hija, kila mtu anajua, lakini mtaani hawapimi hivyo. Alishuka kwenye teksi akiwa Ramla, akafika mlangoni akiwa Hajja.

"Angalia uso yake!" wanawake walipiga vigelegele. "Angalia vile inang'aa! Njo nuru ya Makka ile, ndiyo yenyewe!"

"Amerudi kuwa mutoto!"

"Hajja, tuguse hata mukono!"

Mama mkwe wa Feza alikuwepo. Yule yule ambaye tangu arusi hakumsalimu. Alimtazama Ramla usoni kwa muda mrefu, kisha akamkumbatia.

"Tulikukosea," alisema sikioni mwake. "Tulifikiri hautupendi. Leo naona uso yako, najua tulikukosea."

Kila alichokitaka Ramla kilimjia alasiri ile, kwa mkupuo, na hakuna hata kimoja alichoweza kukipokea. Alitabasamu tu. Paji jipya lilimsaidia kutabasamu.

Wageni walipopungua, Yuma alimjia akichechemea na fimbo yake. Alimshika mabega, akambusu kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayebusu kitabu kitakatifu.

Ramla hakuhisi kitu. Ngozi ilikuwa bado na ganzi. Aliona tu kidevu cha mumewe kikikaribia, kikiondoka, na macho yake yakiwa na machozi.

"Aksanti," Yuma alisema. "Sasa hata nikifa sikufika, uso moja ya nyumba yangu ilifika."

Pale alitaka kumwambia. Kisha Amida akaingia na Mounira mkononi, akiomba chupa yake.

Alipewa chupa mbili.

Siku kumi na mbili zilipita. Ijumaa moja, baada ya swala, Amida aliwaita wanawake nyumbani kwake kwa dua ya shukrani. Wali, nyama, mikeka sebuleni, na barazani kwa Yuma na wanaume wachache wa ukoo. Hajja Ramla akaketishwa mbele. Mounira, amevaa gauni la kijani, alikuwa akizungusha sahani ya tende, na kila aliyempitia alimpapasa kichwa.

Amida akasimama.

"Mama zangu, nimewaita mumushukuru Mungu pamoja na miye. Tangu Hajja alirudi, Mounira hajaanguka hata siku moja. Siku kumi na mbili! Na sasa niwaambie kitu munganga hajui." Akainua chupa juu. "Kinini ya kifafa nimeacha. Asubuhi kijiko moja ya Zamzam, jioni kijiko moja. Basi. Kinini hapana tena!"

Vigelegele vikapasua nyumba.

Ramla aliinuka, akamshika Amida mkono, akamvuta hadi jikoni.

"Tangu siku ngapi haumupatii dawa?"

"Tangu ulinipatia maji."

"Amida, umupatie leo. Sasa hivi. Iko wapi?"

"Yaya, unasema nini?" Amida alicheka kidogo. "Uliomba mbele ya Kaaba, nilisikia na masikio yangu. Maji iko ya Zamzam. Kinini ya nini tena?"

"Munganga alisema haiachwe bila yeye."

"Munganga na Mungu, mukubwa ni nani?"

"Amida..."

"Ao hauamini? Weye Hajja, ulifika pale na miguu yako, na hauamini?"

Jikoni walikuwa wawili tu. Hakukuwa na mahali pepesi kuliko pale pa kusema, na bado hakusema. Alisema hivi: "Naamini. Lakini umupatie dawa."

Kabla Amida hajajibu, sahani ilivunjika sebuleni.

Walipotoka mbio Mounira alikuwa chini katikati ya tende, mwili umekakamaa, macho yamegeuka, mikono ikipiga mkeka. Wanawake walikuwa wamesimama ukutani.

"Hajja! Hajja iko wapi?"

"Mupishe Hajja!"

"Weka mukono ku kichwa yake, Hajja!"

Mikono ilimsukuma Ramla mbele mpaka akapiga magoti kando ya mtoto. Upande wa pili Amida alikuwa ameshika chupa, amekwisha kuifungua, anatafuta midomo ya mwanawe.

"Usimunyweshe! Atapaliwa!"

"Iko Zamzam, yaya! Haiwezi kumufanya mubaya!"

"Amida, weka chini ile chupa!"

"Iko Zamzam!"

"Haiko Zamzam!"

Ramla aliipiga chupa kwa kiganja. Ikaruka, ikamwagika ukutani.

Mikono ya Mounira iliendelea kupiga mkeka.

"Iko maji ya forage ya Bel-Air," Ramla alisema. Alikuwa akimgeuza mtoto ubavu, kama hospitali ilivyowafundisha zamani, na hakumtazama mtu. "Miye mwenyewe nilijaza. Sikufika Makka. Sikufika hata Kasumbalesa."

"Hajja, uko na homa," mtu mmoja alisema kwa upole.

Ramla alivuta kitambaa chake, kikaanguka mabegani. Akainamisha kichwa mbele ya wanawake wote, akatenganisha nywele kwa vidole. Waliliona kovu, jekundu, kutoka sikio hadi sikio.

"Hii njo Makka yangu. Nilienda kupasuliwa uso juu ya vile mulinicheka. Sasa muite gari."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe wa Feza alichukua mkoba wake, akatoka, na nyuma yake wengine wawili.

Mara nyingine kifafa cha Mounira hupita kwa dakika moja, mbili. Safari hii hakikupita. Kilitulia, kikaanza tena. Wanaume waliokuwa barazani waliingia, wakambeba mtoto hadi kwenye gari la jirani, na Amida akapanda naye. Alipita karibu na Ramla kiasi cha kumgusa. Hakumwangalia.

Ramla alibaki amepiga magoti kwenye maji. Alipoinua kichwa alimwona Yuma mlangoni, ameegemea fimbo. Alikuwa amesimama pale tangu chupa ilipomwagika. Alikuwa amesikia yote.

"Ile siku nilikuuliza kama unaona Kaaba," Yuma alisema. "Ulikuwa unaona nini?"

"Sikuona kitu, baba Feza. Macho ilikuwa imevimba."

Yuma akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari ya treni iliyoanguka.

"Na miye niliambia bantu bote ba reli. Mumoja mumoja. Nilibapelekea foto mpaka ku nyumba zao."

"Nisamehe."

"Usiniombe sasa." Alinyoosha fimbo, akakigusa kitambaa kwa ncha yake. "Vaa. Twende ku lupitalo."

Ndani ya teksi Yuma aliketi mbele na dereva. Hajawahi kuketi mbele akiwa na mkewe.

Hospitali ile ina lango la chuma upande wa watoto. Amida alikuwa amesimama hapo hapo, viatu hana, mkono mmoja umeshika chuma.

"Mutoto namna gani?" Yuma akauliza.

"Ingali inamushika. Wamemuchoma sindano, ingali." Macho yake yalikuwa kwa kaka yake peke yake. "Kaka, ingia. Huyu abaki inje."

"Amida," Ramla akaanza.

"Kaka, mwambie huyu mwanamuke asinitaje."

Yuma akasimama katikati yao. Aliweka mguu mmoja ndani ya lango. Mguu ule wa goti baya akauacha nje.

Mlango wa wodi ukafunguliwa, akatoka daktari kijana, glavu mkononi.

"Nani wa Mounira? Mama, unasema dawa ilisimama siku kumi na mbili, akawa anakunywa maji. Maji gani? Alianza joto ya mwili jana, unajua? Nataka kujua ile maji ilitoka wapi."

Amida alisikia ni forage ya Bel-Air, lakini ya nyumba ya nani hakujua. Mtaa mzima hakuna aliyejua, wala Yuma. Ndipo Amida kwa mara ya kwanza alimgeukia Ramla.

"Mama, ninauliza," daktari akarudia. "Maji ilitoka wapi?"

Ramla alipita mbele ya mumewe akaja mpaka langoni, uso kwa uso na Amida, na chuma kati yao.

"Miye njo najua," akasema.

Amida hakuondoa mkono wake kwenye lango, wala hakumpisha.